Dhahabu Inayokunywa Moto wa Betri

Nakumbuka nilivyoapa mbele ya watu, mkono kifuani, kwamba dhahabu ya Salamabila hunywa moto wa betri. Usicheke, mwanangu. Kule machimboni ilisemwa kwamba gari likilala juu ya ardhi yenye dhahabu, taa zake hufifia zenyewe, maana dhahabu nayo inataka kung'aa. Nami mhitimu wa masomo ya jioni, niliyechorewa balbu moja ubaoni nikajiona nimemaliza umeme wote wa dunia, niliyameza maneno hayo bila hata maji.

Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona umeinama chini ya usukani wa gari la watu, waya za redio mdomoni kama ndege anayejenga kiota.

Mjomba wangu alikuwa na pikapu moja, nayo ndiyo iliyotulisha sote. Aliponipa ufunguo, binamu zangu walinuna wiki nzima. Akaniambia, "Mupwa wangu, gari ni kama mukwe. Uliheshimu, usilizoee." Kisha akaenda Kindu, arudi kwetu Kasongo Ijumaa.

Nilipofika Salamabila na mzigo wa mchele, nikanunua redio na bafle nne za kutolea sauti, kubwa kama masufuria ya arusi, nikazifunga mwenyewe. Waya nyekundu, sawa. Nyeusi, sawa. Ukabaki mmoja wa gari, wa rangi ya chungwa, hauna mwenzake. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona aibu. Nikausokota pamoja na ule mweusi, nikaukaza kwenye chuma cha gari. Muziki ukalia, nakuapia, hadi mbuzi wa Wamaza, wenyeji wa pale, wakainua vichwa.

Jioni nikawasha taa. Za mbele zikawaka, lakini tablo, pale penye mishale ya mafuta na joto la injini, pakawa giza kama ndani ya chungu. Aliyeniuzia redio akatikisa kichwa kwa huruma: "Ndugu, ile ni dhahabu. Inakunywa."

Basi usingizi ukahama. Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na Mjomba akikuta gari limeharibika, usukani ungekuwa wa binamu. Nikalipandisha juu ya matairi makuukuu ili dhahabu isilifikie. Bure. Nikashika njia ya Kasongo, nikiamini kwamba nikishayavuka machimbo taa zitafufuka. Kila kilima nasimama, nawasha, nakinga kiganja mbele ya tablo nione kama kuna mwanga, naondoka tena. Katika ukungu wa asubuhi nusura lori linigonge kwa nyuma. Dereva wake akanitukania ukoo mzima, nami sikujua kosa langu.

Kasongo nikamkuta Mjomba ameshafika kabla ya Ijumaa yake. Nikamweleza mbele ya watu habari za dhahabu, tena nikatia chumvi: hata saa yangu ya mkononi imesimama! Hakucheka. "Twende kwa Mama Zaina," akasema. Huyo alikuwa fundi wa redio pale sokoni, mwanamke asiyepoteza neno.

"Taa za nyuma zinawaka?"

Sikuwa nimetazama. Tukazunguka nyuma: zimekufa. Kumbe yule wa lori alikuwa na haki yake.

"Za nyuma na za tablo zinakula sahani moja, fyuzi moja," akasema. Akachomoa fyuzi, akaiinua juani. Uzi wake mdogo wa ndani umekatika. "Redio, nani alifunga?"

Ulimi wangu ukaruka kama panzi kikapuni. Yule muuzaji alikuwa mbali, ningeweza kumtwisha mzigo. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na Mjomba alikuwa amesimama mwisho wake.

"Mimi, mama."

"Na huu wa chungwa?"

"Nilikosa pa kuuweka, nikaufunga kwenye chuma."

"Ule unatoka kwa taa. Ukiwasha, moto yote inakimbilia chuma, fyuzi inakatika."

"Kwa hiyo dhahabu..."

"Dhahabu iko udongoni, baba. Wewe njo ulikuwa ndani ya gari, wewe mwenyewe."

Akautenga ule waya, akauzungushia utepe, akaweka fyuzi mpya ya namba ileile. Tablo likawaka. Mjomba akanyoosha kiganja, nikampa ufunguo. Mwezi mzima nilisafiri nyuma, juu ya magunia, binamu usukanini, nikisikiliza redio yangu mwenyewe kupitia kioo. Siku aliponirudishia ufunguo, Mjomba alisema neno moja tu: "Ungetaja dhahabu tena pale alipouliza Mama Zaina, usingerudi usukanini."

Kwa hiyo, mwanangu, kitu kikigoma baada ya mkono wako kupita, anza kutafuta pale ulipopita mkono. Waya usioujua uzibe kwa utepe, kaulize. Fyuzi ikikatika, imekufa ikikukinga. Usiibadilishe kwa kubwa zaidi, wala kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, utachoma gari. Na gari likiwa la watu, sema kosa lako lingali dogo. Mungu akunyooshee barabara, akupe mikono ya ufundi na mdomo usioogopa kuuliza. Amina.