Dakika ya Kumi na Sita

Sisi watu wa Mikumi tuna midomo, na wa kwanza ni mimi. Sista Verdiana alipofungua duka la dawa jirani na kibanda changu cha chai, tulisema anajisikia. Salamu yake tu, mpaka uinamishe kichwa ndipo uisikie. Kumbe mwanamke wa watu ni mpweke: hana mume, hana mtoto, amestaafu unesi wa chumba cha upasuaji huko mjini, na sauti yake ni ndogo tangu kuzaliwa.

Aliyemzoea alikuwa mmoja tu, Mzee Urbanus, mkulima wa miwa kutoka Ruaha. Kila Alhamisi alikuja kupima presha. Sista alimtolea kiti nje, akampima, kisha wakakaa wakimenya muwa, malori yakipita, mpaka jua lipoe. Siku hiyo Sista alicheka. Siku sita zilizobaki alisubiri.

Mzee alipenda kumzungumzia marehemu mkewe, Anastazia, aliyepasuliwa ini miaka tisa iliyopita. Nikaona kila akitajwa, Sista anapoa. Nilipombana sana, akanieleza.

Ini lina damu nyingi, alisema, daktari hawezi kulikata hivi hivi. Anabana mishipa inayolipelekea damu, anakata, anaachia kidogo lipumue, anabana tena. Dakika kumi na tano kubana, tano kuachia. Likikosa damu muda mrefu linaumia, na damu ikirudi imechelewa ndiyo inazidi kuliharibu. Kazi ya Verdiana ilikuwa saa. Aangalie dakika, aite.

Siku ya Anastazia aliita dakika ya kumi na tano. Daktari bingwa, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, alikuwa ameinamia mshipa unaovuja, hakusikia. Ikaingia ya kumi na sita. Kumwita mkubwa mara ya pili mbele za watu Verdiana aliona ni kumkosea adabu, akanyamaza. Damu ilirudishwa dakika ya arobaini na mbili. Ini lenyewe lilikuwa limeshachoshwa na homa ya ini, na siku ya nne mama wa watu akafariki, macho ya njano. Hakuna aliyemlaumu Verdiana. Daktari mwenyewe alisema pengine asingepona hata hivyo.

"Basi funga mdomo," nilimwambia. "Ukimwambia mzee wa watu, utabaki na nani?"

Nilikuwa nimekasirika, na sijuti. Miaka tisa anatembea na jambo hilo peke yake, halafu amepata mtu mmoja wa kumenya naye muwa, leo amfukuze kwa ulimi wake mwenyewe?

Alhamisi iliyofuata Mzee Urbanus akamuuliza, kwa upole tu, kama kule hospitali aliwahi kumwona Anastazia wake. Nilikuwa namimina chai. Nikamkonyeza Sista akatae. Akaniangalia, kisha akamweleza yote, mpaka zile dakika.

Mzee hakufoka. Aliuliza kitu kimoja.

"Uliita kwa sauti gani?"

Sista akaita tena, vile vile. "Dokta, muda."

"Nimekaa hapa ubavuni kwako," Mzee akasema, "na nimekusikia kwa shida."

Akavua mkanda wa presha mkononi, akauweka mezani, akaondoka. Muwa wake aliuacha nusu. Siku hizi anapimia duka la ng'ambo ya barabara, Alhamisi ile ile, na huku hageuki.

Sista bado anatoa kiti. Nimemwambia aache, anakifuta vumbi tu. Alhamisi iliyopita miguu ilikuwa inaniuma, nikakikalia.

"Dada, ondoka," alisema. "Hapo pana mtu."

Alisema kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake. Ng'ambo Mzee Urbanus alisimama, akatazama upande wetu. Kisha akaingia ndani kupima presha.