Vitunguu vya Mjukuu Wangu Vimemuumbua Mdogo Wangu

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, nnakaa ghorofa za Michenzani, mume ninaye na wajukuu ninao. Skuli sikufika mbali, ila adabu nlifunzwa nyumbani, kwa hiyo nyie wa kuchekacheka kwenye komenti piteni kimya kimya. Sikuja hapa kuchekesha mtu.

Mume wangu anaumwa magoti miaka mingi. Vidonge vya duka la dawa sikutaka hata viingie kwangu. Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, anakaa Kidichi na anauza unga wa viungo aliotufunza marehemu mama: tangawizi, manjano na majani ya mlonge, vinakaushwa, vinatwangwa, mtu anakoroga kwenye chai asubuhi na jioni. Mzee akinywa anapanda ngazi kama kijana. Basi nkawa mimi ndiye mpiga debe. Majirani wa ngazi yetu nzima wanakunywa unga ule kwa mdomo wangu. Wenye vidonge nkiwacheka, nkiwaambia, "Endeleeni kula chokaa!"

Mwaka huu Mzee akavimba miguu, uso ukajaa, mkojo ukawa wa taabu. Spitali wakasema figo zimeharibika, na sasa anasafishwa damu kwa mashine. Daktari, kijana mdogo tu, akaniuliza, "Bibi, Mzee anatumia dawa za maumivu?" Nkamkata pale pale: "Mwanangu, sisi si watu wa vidonge. Kwetu ni dawa ya asili." Akaandika hivyo hivyo nlivyosema.

Sasa nsikilizeni. Mjukuu wangu wa kike yuko kidato cha tatu. Mwalimu kawapa kazi ya kupima ukali wa dawa za kawaida kwa mimea. Akapanga bilauri dirishani jikoni, kila moja kaikalishia kitunguu maji mdomoni, kitako kinagusa maji. Moja maji matupu, moja katia panado iliyosagwa, moja dawa ya maumivu ya dukani. Nkamgombeza: "Vitunguu vya mchuzi hivyo unachezea!" Akanambia, "Bibi, mizizi ndiyo inayosema. Dawa ikiwa kali, mizizi haitoki." Nkacheka mie. Nkachukua unga wa mdogo wangu nkamwambia, "Hebu tia na huu, huyo mwalimu wako aone cha Mungu kinavyootesha."

Cha maji matupu kikatoa mizizi kama ndevu za shekhe. Cha panado mizizi mifupi. Cha dawa ya maumivu vijinundu tu. Cha unga wetu hakikutoa hata uzi, kitako kimekuwa cheusi, kinanuka. Nkamvuta mtoto sikio: "Umetia nini humu, fisadi we?" Akalia. "Wallahi sijatia kitu, Bibi. Na kitunguu si mtu, hata tangawizi ikizidi inaweza kukizuia. Tengeneza wewe mwenyewe huo unga wa mama yako, tupime sawasawa." Nkaenda Darajani, nkanunua, nkakausha, nkatwanga kwa mikono hii. Kitunguu cha unga huo kikaota. Mizizi mifupi, lakini myeupe, mizima. Mtoto kanitazama tu, na macho yale bado yananichoma.

Nkaenda Kidichi bila kupiga simu. Nkamkuta mdogo wangu uani anatwanga, na ubavuni mwa kinu kuna beseni la vidonge vya maumivu, vile vile alivyotumia mjukuu wangu, vishatolewa maganda. Hata hakustuka.

"Shikamoo, Dada."

Sikumuitikia. "Unatwanga nini?"

"Nnachotwanga siku zote. Mlonge mtupu haumnyanyui mtu, Dada. Watu wanataka wanywe leo na wapone leo. Si wewe uliyekuja kunisifu hapa kuwa shemegi anapanda ngazi? Ulidhani anapandishwa na tangawizi?"

"Mume wangu anakufa!"

"Kila mzee ana lake la kumuua. Utanitangaza mimi nduguyo kwa ajili ya kitunguu?"

Nkatoka pale moja kwa moja hadi kwangu. Unga uliobaki nyumbani nkaumwaga chooni. Sijui kama ndio uliokula figo za Mzee au kuna jengine, na wa kunambia ni daktari, na daktari nshamdanganya. Kila nikimwona, mdomo unakuwa mzito. Nkisema, Mzee atajua kuwa mkono uliomkorogea chai asubuhi na jioni ni huu wangu. Mdogo wangu atashikwa, naye mjane, hana mwengine ila mimi. Na Mzee ndiyo kwanza ananibembeleza kitandani: "Mwambie shemegi aniletee unga wangu. Hawa wananitoa damu tu, nafuu siioni." Nnageuza uso, nnamwambia mvua imeharibu majani.

Ningeweza kufa na siri hii, nawaambia ukweli. Mtu wa kumtia nduguye polisi si mimi. Lakini jana jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke mwenye watoto wadogo, kanipandia na kopo lake tupu. "Bi Mkubwa, niagizie tena kwa mdogo wako. Miguu imeanza kunivimba, nadhani nizidishe kidogo."

Nlimtazama miguu. Imevimba kama alivyoanza Mzee. Nkamwambia unga umekwisha, aende spitali. Akacheka: "Wewe tena wa kunipeleka kwenye chokaa?"

Nishaurini, nifanye nini? Wenye matusi na watukane, nimelea watoto saba, matusi nnayajua. Lakini nijibuni upesi, maana yule jirani kanambia kesho anakwenda Kidichi mwenyewe.