Fundi wa Seva Aliyefika Ipogolo Mchana

Haya yalitokea saa saba mchana, watu wakiwa wamekaa kwenye benchi. Usiponiamini sitakulaumu, hata mimi ilinichukua muda. Lakini fundi Ezekia alilala kwenye korongo la Kitonga siku nne zaidi kwa sababu yangu, na hilo habishi mtu.

Nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya vipimo hapa Ipogolo, kando ya barabara kuu. Niliishia darasa la saba. Kaka Ezekia ndiye aliyetufungia seva, yaani ile kompyuta inayotunza majibu ya wagonjwa wote, na ndiye aliyenifundisha kuiangalia akiwa hayupo. Kwanza kagua waya, kisha taa, kisha zima uwashe. Ukishindwa, nipigie.

Siku hiyo tangu asubuhi kompyuta za mapokezi ziligoma kuifikia seva. Waya zilikuwa sawa. Taa zilikuwa za kijani. Nikazima, nikawasha, ikakubali dakika mbili, ikakataa tena. Nikampigia kaka Ezekia. Hapatikani. Nikapiga tena mara tatu.

"Hiyo kompyuta nayo ina malaria?" bibi mmoja aliyekuwa anasubiri majibu kwenye benchi akauliza. "Ipimeni basi, si vifaa mnavyo?"

Watu wakacheka. Mimi nikatazama sakafu. Kuongea mbele ya watu siwezi, ndivyo nilivyo.

Nilipoinua macho, kaka Ezekia alikuwa mlangoni. Nje mvua ilikuwa inanyesha na koti lake lilikuwa kavu. Niliona hilo, ila sikuliwaza.

Sasa ujue jambo moja. Kwetu Wahehe mgeni hapewi kazi kabla hajaulizwa habari za atokako. Kaka Ezekia alikuwa mkali kwa hilo. Hata ofisi ingekuwa inaungua, angekaa kwanza, aulizwe, asimulie njia nzima, lori lililokwama na bei ya nyanya Ilula. Ndipo afungue begi.

"Kamwene," alinisalimia.

"Kamwene, kaka."

Akabaki amesimama, ananitazama. Alikuwa anasubiri nimuulize, na nilijua. Lakini benchi zima lilikuwa linanitazama pia. Nikaona haya, nikanyoosha kidole kwenye seva.

Alikaa kwenye kiti kilicho mbele ya seva. Begi hakulifungua. Alibonyeza kidogo tu, akasema, "Ile printa mpya mliyoleta. Imechukua anwani ya seva. Mashine mbili zina namba moja, kompyuta hazijui ziende kwa ipi."

Akaibadilisha namba ya printa. Majibu yakafunguka.

"Imepona!" bibi akapiga vigelegele.

Kaka Ezekia alipofika mlangoni akageuka. "Bwana mdogo, leo huniulizi nimetoka wapi?"

"Utanisimulia kesho, kaka. Watu wanasubiri."

"Haya," akasema, akatoka.

Jioni mke wake alinipigia. Mumewe aliondoka Ruaha Mbuyuni kwa pikipiki tangu jana yake, na nyumbani hajafika. Ndugu zake walikuwa wanajiandaa kwenda kumtafuta njiani, kule Kitonga. Nikamwambia, usiwe na wasiwasi, shemeji, mchana alikuwa hapa, ametutengenezea seva.

Unaona nilichofanya? Kitonga hawakwenda. Walimtafuta mjini, wakapiga simu kwa jamaa zake Mbeya. Wengine wakaanza kusema ana mwanamke, na mkewe akawa anayasikia hayo yote. Siku ya nne wakata kuni waliiona pikipiki korongoni, naye chini yake. Hospitali walisema alikufa palepale alipoanguka, siku moja kabla ya mchana ule.

Nani basi aliyekaa kwenye kile kiti? Niamini, ningekuwa na jibu ningekupa. Majibu ya wagonjwa yalitoka siku ile. Bibi yule yupo, muulize.

Msibani sikulia. Nilibeba viti, nikala ugali, nikalala. Mwili wote ulikuwa kama jino lililochomwa sindano ya ganzi. Shemeji aliniita pembeni.

"Alikwambia nini?"

"Alisema printa imechukua anwani ya seva."

"Basi?"

"Basi, shemeji."

Akatikisa kichwa, akarudi kwa wenzake.

Ganzi ile haijatoka mpaka leo. Seva haijagoma tena. Kila asubuhi naifuta vumbi, nafungua mlango, naandika majina ya waliokuja. Mtu akilia kwa majibu yake namwona analia, basi.

Sijamwambia shemeji kwamba mumewe aliniomba nimuulize ametoka wapi. Ningemuuliza, angesema, naye angekuwa amezikwa mapema, na yale maneno ya mwanamke yasingesemwa. Kusema siwezi. Kuandika naweza, polepole.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mtu akikufikia kutoka safarini, muulize ametoka wapi, kisha ukae umsikilize mpaka amalize. Hata kama watu wanasubiri. Hata kama unaona haya. Usimwambie kesho.