Yotham Atafuta Mkono wa Kufunga

Saa tisa alasiri, Jumapili. Katika ua wa nyumba moja ya Chang'ombe mjini Dodoma, Yotham Malogo amepiga magoti mbele ya gunia la mtama.

"Pole, ndugu. Unanisikia?" analiuliza.

Gunia kimya. Analizungushia kitambaa, anapiga fundo, anajifuta jasho, anafungua, anaanza upya. Vumbi la Agosti linampiga usoni, wala hana habari. Majirani walishacheka wakachoka, sasa wanapita tu.

Yotham, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni mhudumu wa gari la wagonjwa katika hospitali moja mjini hapa. Miaka mingi amekaa nyuma ya gari hilo, akishikilia chupa za dripu na mikono ya watu wenye maumivu. Lakini huu ni mwaka 1996, na upunguzaji wa wafanyakazi umebisha hodi hadi kwao. Asiye na cheti cha huduma ya dharura atafungasha virago. Mtihani ni Ijumaa.

Maswali ya kuandika hayamsumbui. Kazi ipo kwenye vitendo, na mwaka jana alifeli kwa sababu ya gunia hili hili.

"Nilizoea kulikaza," anasema. "Gunia halisemi uwii. Siku ya mtihani nikapewa mfagizi wa ofisi nimfunge mkono. Nikakaza nilivyozoea, vidole vikawa vyeupe, jamaa akapiga kelele. Msimamizi akaniuliza, 'Wewe unafunga mtu au unafunga mzigo?'"

Safari hii kila mtahiniwa anatakiwa aende na mtu wake wa kufungwa. Yotham hana mtu.

Mtaani wanamheshimu, ila kwa mbali. Gari lake huchukua wagonjwa, na siku nyingine hurudisha maiti. Mzima wa afya kujilaza afungwe vitambaa na mikono ile? Huo ni uchuro, wanasema. Ni uonevu mtupu, maana wakizidiwa, wa kwanza kugongewa mlango ni yeye.

Hata Mzee Jamaldini, fundi cherehani wa barazani pa nyumba hiyo anayempa vipande vya vitambaa, ana mpaka wake. Yotham anamwamkia shikamoo na kujaribu bahati yake tena.

"Marahaba, mwanangu. Vitambaa chukua hata kapu zima," mzee anajibu, mguu haubanduki kwenye cherehani. "Mkono wangu niachie. Nina wajukuu bado wadogo."

Mkewe, Emiliana, alirudi kwao Mlali mwaka juzi. Hawakugombana.

"Alisema nikimgusa anawaona wote niliowashika siku hiyo," Yotham anasema, macho yakiwa kwenye gunia. "Nilikuwa naoga mara mbili. Haikusaidia."

Amempelekea ujumbe kupitia dereva wa lori la karanga: aje Alhamisi, amwazime mkono tu, kisha arudi akitaka. Jibu halijaja.

Mwandishi wa makala haya akajitolea mkono wake. Yotham alinawa kwanza, kwa sabuni, hadi kwenye viwiko. Akafunga taratibu, kila mzunguko akiuliza, "Inabana? Na hapa je?" Haikubana. Cherehani ya barazani ilikuwa imenyamaza. Mzee Jamaldini alikuwa akitazama, lakini hakusogea.

"Ijumaa umefaulu," Yotham akaambiwa.

"Bado mapigo ya moyo." Akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akatazama saa yake. "Emiliana akija, nitamfunga hivi hivi. Hata hatajua amefungwa. Nikipata cheti nitamwomba abaki."

"Na asipokuja?"

Akaendelea kutazama saa. Dakika ilipita, ikapita na nyingine. Mwandishi alimkumbusha kwamba hesabu ya mapigo ni dakika moja.

"Najua," Yotham akasema. Mkono hakuuachia.