Kanga Yenye Matundu ya Njumu

Juzi baridi ilipoanza kung'ata nilifungua sanduku kutafuta blanketi, nikakutana na kanga ya bibi. Nyekundu, imefifia, na katikati ina matundu madogo ya njumu. Nikakaa chini pale pale nikacheka, kisha hasira yangu ya zamani ikarudi. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana wewe utanielewa.

Tulikaa Etobicoke, huku ughaibuni kwenye baridi, ghorofa ya kumi na moja, na bibi ndiye aliyetulea mama alipokuwa kwenye kazi za zamu. Kaka yangu alichezea timu ya shule, ule mpira wa kofia ngumu unaoshikwa kwa mikono. Bibi hakukubali kuuita mpira. "Hiyo ni mieleka," alisema, "ila mmoja kabeba mzigo." Hata hivyo hakukosa mechi. Kila Ijumaa ya msimu wa majani kupukutika alikaanga mihogo, akaitia ndimu na pilipili, akajaza chupa ya chai ya tangawizi. Uwanjani wenzetu walikula chipsi zilizomwagiwa mchuzi na jibini. Sisi tulinuka mafuta ya kukaangia, na mimi, wa miaka kumi na miwili, niliona haya. Nakiri.

Ijumaa moja jioni taa zilikuwa zimewashwa, bendi ya shule inapiga ngoma, pumzi zetu zinatoka kama moshi. Kaka hakuwa amefunga hata mara moja tangu msimu uanze. Ghafla akaudaka mpira, akakimbia upande wetu, akavuka mstari wa mwisho, na kwenye mchezo ule hilo ndilo bao. Sasa, kwao bibi, Tanga, mtu wako akifanya jambo kubwa hakanyagi udongo mtupu, anatandikiwa kanga. Kabla sijamshika mkono, bibi alishashuka jukwaani, kapita kamba, kavua kanga aliyojitanda juu ya koti zito, kaitandika kwenye nyasi zenye tope. Vigelegele vyake viliizima bendi. Kaka akamwona, akaja, akaikanyaga kwa njumu zake hatua mbili, taratibu, kama bwana harusi.

Refa akatupa chini kitambaa chake cha njano. Bibi akampigia makofi, akidhani na yeye anamtandikia kaka. Kumbe ile ni ishara ya adhabu, kwa kuwa bibi aliingia uwanjani: timu yetu ilirudishwa nyuma yadi kumi na tano.

Tulishinda, lakini kocha alitufuata getini uso umemwiva. Akaniagiza nimwambie bibi aombe radhi, la sivyo asikanyage tena pale, na kaka mechi ijayo atakaa benchi. Nikatafsiri. Bibi akaikunja kanga yake, tope na yote.

"Mwambie hivi, mjukuu wangu. Nimempokea mwanangu. Kwa hilo siombi radhi kwa mtu yeyote."

Kaka alinitazama kwa macho ya kusihi. Nikamgeukia kocha, nikamwambia kwa Kiingereza changu safi kwamba bibi anasikitika sana na hatarudia. Kocha akatabasamu, akampa bibi mkono.

"Umemwambia vile vile nilivyosema?"

"Yes, Bibi. Vile vile."

Akaenda kituo cha basi kifua mbele. Alikufa akiamini kwamba maneno yake yalifika.

Leo bibi hayupo. Lile jukwaa la mbao limevunjwa, na kocha alistaafu, sijui aliko. Nikisimulia haya watu hunifariji: ulikuwa mtoto, ulimwokoa kaka yako. Sitaki kufarijiwa. Bibi alinipa maneno yake niyafikishe, mimi nikampigisha magoti mbele ya mtu bila mwenyewe kujua. Wala hakuwa na kosa. Kosa ni kufurahi?

Ijumaa hii mtoto wa kaka anacheza uwanja ule ule. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. Nilipomwonyesha kanga aliguna, "Shangazi, please, usije nayo." Nimeifua, nimeipiga pasi, matundu sikuyashona. Akivuka ule mstari, natandika. Wakija kuniuliza, nitawajibu mwenyewe, neno kwa neno, kama bibi alivyosema. Na refa akitupa kitambaa chake, nitakiokota nikitandike hapo hapo kando ya kanga, mtoto apite.