Mabati ya mama mjane wa Shari yaliyosoma habari kwa Kifaransa

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni mzee wa Bunia, na haya niliyaona kwa macho yangu nikayashika kwa mikono yangu. Usipoamini, soma tu, hulipishwi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, enzi za Zaïre. Nilikuwa natengeneza redio kwenye kibanda changu pale mtaa wa Shari. Nilikuwa nimesoma fizikia kidogo sekondari, na hicho kidogo kilitosha kunijaza majivuno.

Karibu na kibanda kulikuwa na mlingoti wa kurushia matangazo ya redio. Chini yake kabisa aliishi mjane mmoja, tumwite Mama Vero. Mumewe, seremala, alikuwa amefariki na kumwachia nyumba ya mabati makuukuu.

Jioni moja, mabati yakaanza kusema.

Sitanii. Sauti nyembamba, kama nyuki ndani ya kopo, lakini maneno yanasikika. Watu wa avenue, yaani barabara yetu, wakajaa uani.

Shemeji zake wawili ndio waliowahi kutoa tafsiri: mama amemroga ndugu yao, amemfunga kwenye paa, sasa marehemu analalamika. Kwa hiyo aondoke, nyumba ibaki kwa familia. Wakampa hadi Jumapili.

(Marehemu hakuwahi kujua Kifaransa. Huko paani alikuwa anasoma communiqué, yaani matangazo ya serikali, bila kukwama. Hilo halikumshangaza mtu.)

Mama Vero akaja kwangu analia. Nikapanda juu ya paa.

Nikakuta waya mrefu wa kuanikia nguo umefungwa kwenye bati. Bati hilo lilikuwa na kutu nyekundu, na limelaliwa na jingine lililoota unga mweupe wa zinki. Wakuu, pale kutu hizo mbili zinapogusana, umeme hupita upande mmoja kwa urahisi kuliko upande wa pili. Ndiyo kazi ya diode, kile kidude kinachogeuza mawimbi kuwa sauti ndani ya redio. Waya unanasa mawimbi, kutu inatoa sauti, bati linatetemeka.

Jumapili jioni, mabati yakisema na watu wote wakiwepo, shemeji nao wakiwa wamekuja na mkokoteni wa kuhamishia vyombo, nikapanda na brashi ya chuma. Nikasugua kile kiungo hadi kikang'aa.

Mabati yakanyamaza.

Nilisubiri pongezi. Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Shemeji mkubwa akaniuliza polepole:

"Docteur, ulimufukuza wapi? Asikuye kwetu." Aliogopa marehemu asije akahamia kwake.

Nikawaelezea habari za kutu karibu nusu saa. Walitikisa vichwa kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu unayemwogopa. Mkokoteni ukarudi mtupu, na habari ya nyumba haikutajwa tena.

Jumatatu nikakuta foleni kibandani. Hakuna hata mmoja aliyebeba redio. Mmoja kuku wake hatagi, mwingine mumewe kaenda Niania na harudi.

Wiki chache baadaye Mama Vero naye akaja. Nikajua ni shukrani.

"Aksanti kwa nyumba," akasema. "Lakini ile sauti, utairudisha siku gani?"

Nikadhani sijasikia vizuri. Akaniambia kwamba tangu mazishi, hakuna aliyekuwa anaongea ndani ya nyumba yake jioni. Kifaransa hakukielewa hata neno moja, lakini alikuwa amezoea kupika akiisikiliza.

Nikamchukulia redio moja niliyokuwa nimeitengeneza, nikampa bure. Aliiangalia kwa heshima tu.

"Hii inasemaka na kila mutu," akasema. "Ile ilikuwa inasema na miye."

Wakuu, kusugua kutu ni kazi ya dakika kumi. Kuirudisha sikujua.

Somo nililopata: fizikia yangu ilikuwa sahihi na haikumsaidia mtu. Nyumba iliokolewa na woga wa shemeji, na mimi sikuwahi kukataa kuitwa docteur.

Wenye fizikia yao humu, nikosoeni kuhusu zile kutu mbili. Na kama yupo anayejua nilipaswa kumjibu nini yule mama, aandike hapa chini. Mimi niliendelea kuchomelea waya.