Rekodi Zilizorudi Nyuma

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa mapokezi katika zahanati moja ya kibinafsi pale Thika. Daktari mwenye zahanati alikuwa amenunua seva, kompyuta iliyobeba rekodi za wagonjwa wetu wote pamoja na wale wa tawi letu la Ruiru. Ilikaa stoo, karibu na mtungi wa kuchemshia vifaa, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Mvuke ukaipata, vumbi jekundu likaipata. Feni yake ilipoanza kukoroma, niliipiga kofi ubavuni ikanyamaza. Nilijiona fundi.

Fundi mwenyewe alikuja kutoka Juja, akafungua kifuniko, akaguna. Alituambia diski imechoka, na ile mashine ya kunakili rekodi kwenye tepu inazunguka tu, hainakili kitu.

"Si bado inafanya kazi?" daktari akauliza.

"Inafanya, Daktari. Siku ikikataa, hutakuwa na pa kuanzia."

Daktari akasema kwanza tununue mashine ya oksijeni. Nani angembishia? Mimi nikaendelea kubadilisha tepu kila Ijumaa na kuandika tarehe juu yake, nikijua ni tupu.

Asubuhi moja stima ilipotea, na iliporudi seva haikuwaka. Kofi halikusaidia. Fundi alihangaika siku nzima na kompyuta ya kuazima. Tepu pekee iliyosomeka ilikuwa ya karibu miaka miwili nyuma, akaturudishia rekodi zilizokuwamo. Tulishukuru hata kwa hiyo. Hatukufikiria kwamba watu walikuwa wameishi miaka hiyo miwili bila kompyuta kujua.

Wiki hiyo hiyo akaja mama mmoja kutoka Kimbo, anakohoa. Nikafungua rekodi yake.

"Mama, mtoto wako hajamaliza chanjo. Mbona humleti?"

Nilisema kwa ile sauti yetu ya kukaripia wazazi wazembe. Benchi nzima ilisikia.

Alikunja leso yake, akaikunja tena. "Mtoto alifia hapa," akasema. "Chumba kile. Wewe ndiye uliniletea maji."

Hapo nikamkumbuka. Nilikumbuka hata alivyoshika kikombe kwa mikono miwili asinywe.

"Pole, mama. Ni kompyuta, ilikuwa imeharibika..."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe, uso ukaniwaka.

"Sawa," akasema. "Niandikishe kwa daktari basi. Kifua kinaniuma."

Nilimwandikisha, nikashindwa kumtazama. Alipoondoka nikamweleza daktari. Alivua miwani, akauliza kwa sauti ya chini, "Wako wengine wangapi?"

Hatukujua. Jumapili hiyo aliita wauguzi wa Thika na Ruiru, tukakaa kwenye benchi za wagonjwa. Mmoja mmoja wakataja waliotufia katika ile miaka miwili, wakikumbushana: yule wa pumu, yule bibi wa sukari, wale mapacha. Mimi nilikuwa nikiandika. Daktari naye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, hakujitetea hata mara moja.

Seva mpya ilinunuliwa, ikawekwa ofisini mwake. Yule mama aliendelea kuja. Lakini kila mara alipanga foleni kwenye dirisha la karani mwenzangu, hata langu likiwa halina mtu, nami nikajifanya nina shughuli mezani mpaka apite.